Kovu linaloziba mshipa wa kusafishia damu: namna ya kulikamata mapema ukiwa huku Kigoma

Habari zenu ndugu zangu. Haya nawaandikia wenye shida ya figo wanaosafishwa damu na wale wanaowauguza, hasa sisi wa Kigoma, Kasulu, Kibondo, Uvinza mpaka Kaliua na Tabora, manake huku kwetu mshipa ukiziba daktari wa mishipa hayupo mtaa wa pili, mara nyingi ni rufaa ya Mwanza au Dodoma au Dar, na kwa reli tu Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Tatizo likionekana mapema unapanga safari vizuri na mshipa unaokolewa, likionekana siku limeshaziba kabisa unaanza kukimbizana na masaa. Na kuliona mapema kunahitaji vidole vyako, sikio lako na macho, basi.

Mzee wangu alikuwa na fistula, yaani mishipa miwili ya mkono iliyounganishwa na daktari, ikaziba, sasa hivi ana grafti, mrija wa plastiki wa kufanya kazi hiyohiyo, mkono wa kushoto, na ninayoeleza hapa ndo tunayofanya nyumbani kila siku pamoja na yale tuliyofundishwa na manesi wa kitengo cha kusafisha damu. Nikisema fistula hapa nazungumzia ile ya mkononi ya mashine ya kusafisha damu, ukienda zahanati sema hivyohivyo "fistula ya mkono ya kusafisha damu", wengi wakisikia fistula akili inaenda kwenye ile ya uzazi na wanaweza wakakufunga kipimo cha presha mkono uleule.

Tuanze na kovu lenyewe, ukilielewa hutaacha kukagua. Daktari anaunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha moyoni) mkononi, damu ya ateri yenye nguvu inaingia kwenye vena ambayo tangu uzaliwe imezoea damu ya taratibu. Vena inatanuka na ukuta wake unakuwa mnene, hicho ndo kinachotakiwa ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Ila ukuta wa ndani ukishajeruhiwa, iwe na kisu, uzi, sindano za kila wiki au damu yenyewe kugonga na kuzunguka hovyo pale kwenye kiungio, yaani mishipa ilipoungana, mwili unapaona ni kidonda. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazogandisha, zinanata pale, zinaachia kemikali za kuita ukarabati, seli za misuli zilizo katikati ya ukuta wa mshipa zinahamia upande wa ndani, zinazaana na kutengeneza nyuzi za kolajeni, ndo kovu lenyewe. Yaani ni kupona kulekule kunakofunga kidonda cha mguu, sema hapa nyama inaota kuelekea kwenye njia ya damu na inaendelea kuota hata jeraha la nje likishapona zamani. Njia inabanwa kidogokidogo, damu inapungua mwendo, siku presha ikishuka au mwili ukikauka damu inaganda palepale penye wembamba na mshipa unakufa. Na katika muda wote huo hauumi. Ndo maana mtu anakwambia "ghafla tu mkono umenyamaza" kumbe kovu limeanza miezi mingi nyuma.

Linapopenda kuota panajulikana. Kwenye fistula ni zile sentimita chache za mwanzo baada ya kiungio, na sehemu zinazochomwa sindano palepale kila siku. Kwenye grafti, ule mrija laini wa plastiki unaofukiwa chini ya ngozi kwa mtu ambaye mishipa yake ni myembamba, mara nyingi ni pale mrija unapoungana na vena, upande damu inakotokea kurudi moyoni. Grafti unaweza kuanza kuitumia baada ya wiki mbili tatu hivi wakati fistula inataka mwezi na nusu mpaka miezi mitatu ikomae, ila grafti inaziba haraka zaidi na inashika maambukizi kirahisi zaidi. Fistula ya mshipa wako mwenyewe, ile iliyotangazwa na madaktari wa New York kina Brescia na Cimino mwaka 1966, mpaka leo bado ndo inayodumu kuliko vyote ikishakomaa vizuri. Halafu kuna kovu la tatu watu hawalijui, la kwenye vena kubwa za kifua, linaachwa na katheta, ule mrija wa muda wa shingoni au chini ya mtulinga, mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Hilo nitalirudia chini.

Sasa ukaguzi. Fanya asubuhi kabla hujatoka kitandani na jioni kabla ya kulala, na fanya tena ukitoka kwenye mashine, ukiharisha au kutapika, ukijisikia kizunguzungu cha presha kushuka. Mgonjwa akiwa mtu mzima sana au macho yamefifia mfundishe na mjukuu, watoto wanashika haraka mno.

Weka vidole vitatu juu ya kiungio, taratibu, usikandamize. Unatakiwa usikie mtetemo laini unaoendelea bila kukatika, unavuma chini ya ngozi kama paka anayekoroma. Ukipanda nao kuelekea begani unapungua polepole na mshipa ni laini, ukiubonyeza unabonyea. Huo ndo mshipa mzima. Ujue vizuri mtetemo wa mkono wako mwenyewe wakati uko mzima, upime nguvu yake, ujue unaishia wapi, weka alama ya kalamu kama utaweza, kwasababu kinachotafutwa ni mabadiliko. Mkono wa jirani yako wa kitanda cha pili hauhusiki.

Mtetemo ukigeuka kuwa mapigo, yaani badala ya kutetema unagonga du, du, du kwenye vidole na mshipa umekuwa mgumu umejaa, hapo damu inaingia vizuri ila mbele imebanwa. Nesi mmoja alimshika mzee akamwambia "baba, leo mkono unagonga, hautetemi", na ni kweli kulikuwa na wembamba pale juu kwenye kiungio cha vena. Kinyume chake mshipa ukiwa umelegea, mtetemo hafifu, hata ukikaa wiki kadhaa tangu upasuaji haukui, basi mara nyingi shida iko mwanzoni, damu yenyewe haiingii ya kutosha. Fistula mpya ambayo ikifika wiki ya nne mpaka ya sita bado ni kamba nyembamba isikae inasubiriwa tu "itakua", iombee kipimo cha ultrasaundi ya Dopla, kile kinachoonyesha damu inavyopita kwenye mshipa.

Ukiweza nunua stetoskopu ya bei nafuu famasi, zipo, kama huna weka sikio juu ya mkono sehemu yenye utulivu. Sauti nzuri ni nzito na ndefu, shuuu-shuuu-shuuu bila kukatika katikati. Sauti mbaya ni nyembamba ya juu kama mluzi, au fupi iliyokatika, fyu... fyu... fyu, damu inajipenyeza kwenye tundu dogo. Pale mluzi unapokuwa mkali zaidi ndo karibu na kovu lenyewe. Rekodi na simu hiyo sauti siku iko nzuri uihifadhi, siku ikibadilika unarekodi tena unamtumia nesi WhatsApp akalinganishe, sisi tunafanya hivyo na imetusaidia sana.

Kipimo cha kuinua mkono ni cha fistula peke yake. Kaa au lala, shusha mkono chini mshipa ujae, kisha uinue juu ya kichwa. Fistula nzima inanywea, inalala. Ikibaki imetuna wakati mkono uko juu ujue mbele kumebanwa, na kama nusu imenywea nusu imetuna basi wembamba uko karibu na pale mpaka ulipo. Kwenye grafti usijisumbue na hiki, ule mrija haunywei hata ukiwa mzima kabisa, kwahiyo usije ukaogopa bure.

Kingine cha fistula, ila muombe nesi akuonyeshe mara ya kwanza: mtu abonyeze mshipa kwa kidole juu kidogo ya kiungio mpaka damu isimame, sekunde chache tu, na kidole kingine kiwe kati ya hapo na kiungio. Mapigo yanatakiwa yaruke kwa nguvu kwenye kile kidole cha chini. Yakiwa ya uvivu, damu inayoingia ni kidogo. Achia mara moja, usikae umebonyeza.

Kwa macho angalia uvimbe. Mkono mzima ukivimba kuanzia vidole mpaka bega, au upande mmoja wa kifua na shingo umeanza kuonyesha mishipa mingi iliyojitokeza, hiyo ni vena kubwa ya kifua imebanwa. Vidole vikiwa vya baridi, vimepauka, vinauma hasa ukiwa kwenye mashine, fistula inanyang'anya damu ya kiganja, ni tatizo lingine lakini nalo la kwenda hospitali. Wekundu, joto, usaha, hapo ni siku hiyohiyo, hasa grafti. Na yale mafundo yanayotuna pale panapochomwa sana, ngozi juu yake ikianza kung'aa na kuwa nyembamba au kuna kidonda kinachokataa kukauka, usilale nalo, linaweza kupasuka.

Mashine nayo inasema, sema sisi wauguzaji huwa tunakaa nje tunapiga stori. Muulize nesi kila mara: presha ya vena, ile ya damu inayorudishwa mwilini, leo ilikuwa ngapi, na wiki iliyopita? Ikipanda mfululizo wiki hadi wiki kwa mwendo uleule wa damu, mbele kunabanwa. Mashine ikilia kila saa haipati damu ya kutosha, shida iko upande wa kuingia. Ukitolewa sindano damu ilizoea kukata ndani ya dakika kumi sasa inafika ishirini na dozi ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, ni ileile, andika. Sindano imeanza kuwa ngumu kuingia, inatoa mabonge, andika. Damu ikipimwa inaonekana haisafishiki vizuri kama zamani na muda wa mashine haujapunguzwa, andika. Tafuta daftari dogo la shule, tarehe, mtetemo ukoje, presha ya vena, dakika za damu kukata. Ukifika kwa daktari wa rufaa na daftari kama hilo anajua aanzie wapi. Kwenye Dopla wataangalia na kiasi cha damu kinachopita, grafti ikiwa chini ya mililita 600 kwa dakika au fistula chini ya 400 hadi 500 na kuna dalili hizo, huwa wanatafuta palipobanwa.

Kuzuia kovu lisiote kabisa haiwezekani, yeyote atakayekuuzia dawa ya mizizi ya "kuzibua mshipa wa fistula" muogope, na dawa zingine za kienyeji zinaumiza hilo figo lililobaki. Unachoweza ni kupunguza majeraha na kuzuia damu isigande. Sindano zisichomwe palepale kila siku, muombe nesi kwa heshima, "dada, leo tusogee kidogo juu", wapande na mshipa hatua kwa hatua kisha waanze tena chini. Najua panapochomwa sana hapaumi ndo maana wagonjwa wenyewe wanang'ang'ania hapohapo, lakini ndo panapolegea na kutuna huku jirani yake pakibanwa.

Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usiwekewe dripu, hata kama nesi wa zahanati ana haraka na foleni ni ndefu. Na hili naliongea kwa uchungu: chale na chuku mkono huo HAPANA. Huku kwetu mtu mkono ukivimba wazee wanasema umerogwa, wanaleta wembe. Ule mshipa umebeba damu ya ateri, ukikatwa unamaliza mtu, na wembe ukileta vijidudu kwenye grafti inabidi ing'olewe. Ongeeni na wazee nyumbani mapema kabla siku hiyo haijafika, kwa adabu, waelewe.

Bangili, saa, mikono ya nguo yenye lastiki, mkoba wa kuning'iniza kwenye kiwiko, dumu la maji, mzigo wa kuni, mtoto kulalia mkono, vyote vinabana. Kwenye basi la usiku, ndo watu wanalalia mkono masaa mangapi na presha imeshuka kwa kutokula, wanashuka stendi mkono umenyamaza. Kaa upande ambao mkono uko huru, kagua kila gari likisimama.

Maji na chumvi navyo vinahusika, sio kwa ajili ya uvimbe tu. Ukila samaki wa chumvi unashikwa kiu, unakunywa, unafika kwenye mashine na kilo nyingi, wanakutoa maji mengi kwa mara moja, presha inaporomoka na mshipa wenye kovu ndo unaganda hapo. Ukipenda dagaa walowekwe, maji yamwagwe, na sahani iwe ndogo. Sigara na ugoro acha, sukari na presha zifuatilie. Aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu meza ukiandikiwa na daktari wako, usichukue ya jirani.

Na kwa wale ambao figo zinaelekea kubaya ila hamjaanza mashine, tunzeni vena za mikono yote miwili kuanzia leo. Ukilazwa na malaria omba kanula iwekwe mgongo wa kiganja, sio kwenye kiwiko wala kati ya kiwiko na kiganja. Ikilazimu katheta ya muda, muulize daktari kama inaweza kuwekwa shingoni upande wa kulia, wataalamu wanaikwepa ile ya chini ya mtulinga kwasababu inaacha kovu kwenye vena ya kifua, na kovu hilo linakuja kuua fistula ya mkono wa upande huo baadaye. Kuchelewa kutengenezewa fistula ndo kunatuletea katheta nyingi, ukiambiwa "jiandae" jiandae kweli.

Niguse na wenye stenti za moyo, vile virija vya wavu vya kushikilia mshipa uwe wazi, manake kovu lao na hili letu kisayansi ni ndugu wamoja. Stenti ya kwanza kwenye mshipa wa moyo wa binadamu iliwekwa 1986, na za chuma kitupu zilikuwa zinaota kovu ndani hasa miezi ya mwanzo mpaka mshipa unabanwa tena kwa watu wengi, kama robo hivi. Miaka ya 2000 zikaja zilizopakwa dawa ya kupunguza seli kuzaana, mojawapo ni sirolimusi, dawa iliyotokana na bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na tatizo likapungua sana. Kama ndugu yako aliwekewa, iwe pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au nje ya nchi, kifua kikianza tena kubana akitembea au kupanda mlima arudi mapema, na asikatishe klopidogreli na aspirini, dawa za kuzuia damu isigande, kwasababu tu anajisikia mzima au dawa zimeisha Kigoma mjini, agize kabla hazijaisha. Kifua kikibana amekaa tu hapo ni dharura.

Tuseme sasa umegundua mabadiliko. Mtetemo upo ila umebadilika: mpigie nesi wa kitengo siku hiyohiyo, omba daktari auangalie mshipa kabla ya mashine inayofuata, uombe Dopla. Rufaa inaanzia hospitali ya mkoa, Maweni kwa sisi wa Kigoma, Kitete kwa watu wa Tabora, kabla ya kwenda ngazi ya juu kama Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma au Muhimbili. Kabla hujapanda gari hakikisha mtu amepiga simu huko mbele akathibitisha kwamba mtaalamu wa mishipa yupo na kipimo kipo, na kwamba utapata nafasi ya mashine ukiwa huko, usije ukafika ukakaa siku tatu bila kusafishwa. Safisha damu kabla ya safari kama mshipa bado unaruhusu.

Matibabu yenyewe mara nyingi ni puto. Wanapitisha waya kwa tundu la sindano mpaka penye kovu, wanalijaza puto pale, njia inatanuka. Yapo na maputo yaliyopakwa dawa, zipo stenti zilizovikwa kitambaa cha mrija kwa ajili ya grafti, na pengine daktari anapasua na kupanua au kuruka ile sehemu. Ujue kabisa kwamba puto lenyewe linajeruhi ukuta, kovu linaweza kurudi baada ya miezi, na kurudia puto ni jambo la kawaida, haimaanishi daktari wa kwanza alikosea. Kwahiyo ukirudi nyumbani ukaguzi unaanza upya, shika mtetemo mpya uujue.

Mtetemo ukipotea kabisa, sauti hakuna, usikande, usichue, usiweke maji ya moto, usisubiri siku ya mashine ifike. Damu iliyoganda ndani ya siku moja au mbili ina nafasi nzuri ya kutolewa, kila siku inayopita nafasi inapungua. Nenda hospitali ya mkoa saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Kule waambie tarehe ya mwisho uliyosafishwa, wapime potasiamu, madini ya kwenye damu yanayotolewa na mashine, maana mtu hafi kwa mshipa kuziba, anakufa kwa kukosa mashine wakati potasiamu inapanda. Matunda yote mpaka upate mashine weka pembeni, ndizi, parachichi, maembe, na maji punguza.

Na mshipa ukipasuka au sindano ikichomoka nyumbani: kidole kimoja au viwili juu ya kitambaa kidogo kilichokunjwa, bonyeza PALEPALE damu inapotokea, kwa nguvu, inua mkono juu, mlaze chini, usiachie kuchungulia. Kanga nzima au taulo kubwa usitumie, linanyonya damu huku huoni kama inatoka. Mtu mwingine atafute gari, bodaboda peke yake hapana kwasababu atazimia njiani, na anayebonyeza aende naye akiwa amebonyeza mpaka wampokee.